SOMO LA REDIO: Kuweka sawa modemu ya Morse ili ujumbe wa afya ufike bila kosa



Katika kurasa hizi umezoea kusoma juu ya maji safi, chandarua, chanjo na lishe ya watoto. Leo tunaleta somo la ufundi wa redio. Usiruke ukurasa huu. Redio ni chombo cha afya kama kipimajoto kilivyo: kikisoma vibaya, anayeumia ni mgonjwa.

Somo hili lina wasomaji wa aina mbili. Wa kwanza ni vijana na wazee wanaojifunza redio ya ridhaa, yaani redio ya watu wanaojifunza na kujitolea, wasiofanya biashara nayo. Wa pili ni wahudumu wa afya wanaopokea karatasi ya ujumbe iliyoandikwa na mtu wa redio. Wa kwanza atajifunza kuweka modemu sawa. Wa pili atajifunza kwa nini asikubali nambari yoyote kabla haijahakikishwa.

KWA NINI TUNAJIFUNZA

Sisi tunaoishi upande wa Gisenyi, ambayo leo imo katika Wilaya ya Rubavu, hatuhitaji kuambiwa maana ya dharura. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka hapa kuingia Goma katika siku chache. Kipindupindu na kuhara damu vikawakuta bila maji safi. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, lava ikapita katikati ya mji wa Goma, na safari hiyo watu walikimbia kuja Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na watu wakavuka tena.

Katika siku kama hizo umeme unaweza kukatika, na simu zinaweza kuzidiwa kwa sababu kila mtu anapiga kwa wakati mmoja. Redio ndogo yenye betri na waya uliofungwa kati ya miti miwili inaweza kuendelea kufanya kazi. Alama za Morse hupenya pale ambapo sauti ya mtu haisikiki, kwa sababu huhitaji nafasi ndogo sana ya masafa na nguvu kidogo ya betri. Ndiyo maana watu wa redio ya ridhaa bado wanazitumia, ingawa meli za dunia ziliacha kuzitegemea kwa wito wa hatari tangu tarehe 1 Februari 1999.

MODEMU YA MORSE NI NINI?

Ni kisanduku kidogo kinachokaa kati ya redio na kompyuta. Redio hutoa mlio: mfupi ni nukta, mrefu ni kistari. Modemu husikiliza mlio huo na kuwasha au kuzima taa ndogo. Kompyuta hupima taa imewaka kwa muda gani, kisha huandika herufi.

Modemu ni kama mtu mwenye sikio moja linalosikia noti moja tu ya muziki. Nyingi huwekwa kusikia mlio wa hezi 800. Mlio ukiwa wa hezi 600, modemu haisikii kitu, hata kama wewe unausikia vizuri. Kuweka modemu sawa ni kulifanya sikio hilo lisikie noti yake, kwa kiasi chake, na lisisikie makelele mengine.

VIPIMO VYA MUDA

Jifunze vipimo hivi kwanza, kwa sababu kompyuta haijui kitu kingine:

- Nukta ni kipimo 1.
- Kistari ni vipimo 3.
- Kimya ndani ya herufi moja ni kipimo 1.
- Kimya kati ya herufi na herufi ni vipimo 3.
- Kimya kati ya neno na neno ni vipimo 7.

Kwa mwendo wa maneno 12 kwa dakika, nukta huchukua sehemu 100 za elfu moja ya sekunde. Kwa mwendo wa maneno 22, huchukua sehemu kama 55 tu.

VITU VINAVYOHITAJIKA

1. Redio ya mawimbi mafupi yenye swichi ya CW, SSB au BFO. Redio ya kawaida ya kusikilizia habari haitoi mlio wa Morse.
2. Modemu. Nyingi za kujitengenezea hutumia kidude cha elektroniki chenye namba 567.
3. Kompyuta yenye programu ya kusoma Morse.
4. Bisibisi ndogo, saa yenye sekunde, daftari na kalamu.

Angalia umeme. Kidude cha 567 hufanya kazi vizuri kwa volti 5. Usikiunganishe moja kwa moja na betri ya gari ya volti 12, kitaungua.

Kwa fundi anayejenga mwenyewe: mlio ambao 567 inausikia hutokana na rezista na kapasita zake. Ukiweka kapasita ya mikrofaradi 0.1, utahitaji rezista ya omu 11,400 hivi ili upate hezi 800. Weka rezista ya omu 8,200 pamoja na skrubu ya kurekebisha ya omu 5,000. Utaweza kuzunguka kuanzia hezi 690 hadi 1,100 hivi, na 800 itakuwa ndani yake.

HATUA ZA KUWEKA SAWA

Hatua ya 1: Unganisha. Zima vyombo vyote. Peleka waya kutoka tundu la spika za masikioni la redio hadi modemu, na mwingine kutoka modemu hadi kompyuta. Washa modemu. Bila mlio wowote, taa yake iwe imezimika.

Hatua ya 2: Tafuta mlio wa kipimo. Programu ya kompyuta au ya simu inaweza kutoa mlio wa hezi 800. Ukikosa, tumia kinanda cha kwaya: noti ya G ya pili juu ya C ya katikati ina hezi 784, karibu sana na unayoitaka. Ingiza mlio huo kwenye modemu kwa sauti ndogo.

Hatua ya 3: Tafuta kingo mbili. Zungusha skrubu polepole mpaka taa iwake. Usiishie hapo. Endelea kuzungusha upande huohuo mpaka taa izimike, weka alama. Rudi upande wa pili mpaka taa iwake kisha izimike tena, weka alama nyingine. Sasa weka skrubu katikati ya alama mbili. Mtu anayeacha skrubu mahali taa ilipowaka kwanza ameiacha ukingoni, na mlio ukiyumba kidogo modemu itaupoteza.

Hatua ya 4: Punguza sauti, urudie. Punguza mlio mpaka taa izimike, kisha uongeze kidogo tu iwake. Rudia hatua ya 3. Mlio mkubwa hulipanua sikio la modemu, na kingo huonekana ziko mbali. Kwa mlio mdogo utapata katikati ya kweli.

Hatua ya 5: Jaribu kwa makelele. Ondoa mlio wa kipimo. Weka redio mahali ambapo hakuna kituo, pana mvumo tu. Taa isiwake, au iwake mara mojamoja. Ikiwakawaka mfululizo, punguza sauti ya redio.

Hatua ya 6: Tafuta kituo kwa redio, si kwa skrubu. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Wakisikia kituo na taa haiwaki, hushika bisibisi. Usifanye hivyo. Modemu ikishawekwa sawa haiguswi. Zungusha kitufe cha kutafutia vituo cha redio: mlio utapanda au kushuka mpaka ufike kwenye noti ya modemu, na taa itaanza kucheza pamoja na nukta na vistari. Redio ikiwa na swichi ya AGC, iweke kwenye FAST.

Hatua ya 7: Weka mwendo. Kompyuta hukata shauri hivi: mlio usiofika vipimo 2 ni nukta, uliozidi vipimo 2 ni kistari. Ukiiwekea mwendo wa maneno 12, mpaka wake ni sehemu 200 za elfu moja ya sekunde. Sasa kikija kituo chenye mwendo wa maneno 22, kistari chake kina sehemu 165 tu. Kompyuta itahesabu kila kistari kuwa nukta, na herufi zitashikana. Taa inacheza vizuri, lakini maandishi ni takataka. Kosa haliko kwenye modemu, liko kwenye mwendo.

Hatua ya 8: Funga na uandike. Tia tone la rangi ya kucha kwenye skrubu ili isisogee. Andika katika daftari tarehe, sauti ya redio iliyotumika na jina la aliyefanya kazi. Rudia kipimo kila wiki, na kila mara kisanduku kinapohamishwa. Joto na baridi pia husogeza noti ya modemu kidogo.

JIPIME KWA KITUO CHA KENYA

Huna haja ya kumsumbua mtu akutumie mlio wa majaribio. Kwenye masafa ya kilohezi 14,100 kuna mpango wa vituo 18 vya dunia vinavyopokezana zamu. Kila kituo hupewa sekunde 10, na mzunguko mzima huchukua dakika 3. Kimoja kimepangiwa Kenya, nacho huitwa 5Z4B. Kabla yake ni zamu ya ZS6DN cha Pretoria, Afrika Kusini, na baada yake ni 4X6TU cha Tel Aviv, Israel.

Mzunguko huanza kila saa kamili na kujirudia kila dakika 3. Mzunguko ukianza saa 4 kamili asubuhi, zamu ya Pretoria huja baada ya dakika 1 na sekunde 40. Ya Kenya huja baada ya dakika 1 na sekunde 50.

Kila kituo hutaja jina lake kwa mwendo wa maneno 22 kwa dakika, kisha hutoa vistari vinne vya sekunde moja moja. Jina na kistari cha kwanza hutolewa kwa wati 100, cha pili kwa wati 10, cha tatu kwa wati 1, cha nne kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Hesabu vistari ambavyo taa yako imeshika. Ukishika viwili leo na vitatu kesho kwa kituo hichohicho, angalia kama ni mawimbi yamekuwa mazuri au ni modemu imewekwa vizuri zaidi.

Jina la kituo cha Kenya kwa Morse ni hili:

5 = . . . . .
Z = - - . .
4 = . . . . -
B = - . . .

Usivunjike moyo ukikosa kusikia. Kituo kinaweza kuwa kimezimwa, au mawimbi yanaweza kuruka juu yetu na kushuka mbali zaidi. Jaribu saa nyingine na kituo kingine.

DALILI, SABABU NA TIBA

Modemu nayo huugua. Isome kama unavyomsoma mgonjwa.

Dalili: Kompyuta inaandika E, T na I ovyo ovyo.
Sababu: Inasoma makelele ya radi au ya mashine.
Tiba: Punguza sauti. Ikiwa ni radi, acha kazi. Utafiti wa vipimo vya setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, katika Kivu Kusini, kuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi. Sisi ni jirani zake. Ukisikia ngurumo, chomoa antena na uiweke nje ya nyumba.

Dalili: Taa haiwaki ingawa mlio unausikia.
Sababu: Mlio si noti ya modemu, au sauti ni ndogo mno.
Tiba: Zungusha kitufe cha kutafutia vituo polepole, kisha ongeza sauti kidogo.

Dalili: Taa inawaka bila kuzimika.
Sababu: Sauti ni kubwa mno.
Tiba: Punguza mpaka taa izimike wakati wa kimya.

Dalili: Herufi zimevunjika. Neno MAJI linatoka TTETETTTEE.
Sababu: Kompyuta imewekewa mwendo wa haraka kuliko wa mtumaji, kwa hiyo kimya cha ndani ya herufi inakiona kuwa mwisho wa herufi.
Tiba: Punguza mwendo kwenye programu.

Dalili: Maneno yanasomeka, lakini nambari hazieleweki.
Sababu: Nambari moja ya Morse ina alama 5, na kosa dogo huibadilisha.
Tiba: Soma sehemu inayofuata kwa makini.

HATARI ILIYOFICHIKA KWENYE NAMBARI

Neno likiharibika utaliona. Ukisoma KUHARE badala ya KUHARA, unajua la kufanya. Nambari ikiharibika, inageuka kuwa nambari nyingine safi isiyoonyesha kosa lolote. Tazama:

2 = . . - - -
3 = . . . - -
4 = . . . . -

Tuseme kituo cha afya kimetuma: KUHARA WAGONJWA 34. Makelele yakirefusha nukta moja ya mwisho katika kila tarakimu, 3 inakuwa 2, na 4 inakuwa 3. Kompyuta itaandika: KUHARA WAGONJWA 23. Karatasi ni safi, hakuna alama ya kosa. Lakini wagonjwa 11 wamepotea njiani, pamoja na maji ya mishipa, vitanda na dawa zao.

Kwa hiyo fuata kanuni hizi tano:

1. Kila nambari itumwe mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno: 34 THELATHINI NA NNE.
2. Mpokeaji amrudishie mtumaji nambari zote, na angoje kuambiwa ndiyo. Kuuliza si ujinga.
3. Herufi isiyoeleweka iandikwe kwa alama ya kuuliza. Usibahatishe. Kwa Morse alama hiyo ni . . - - . . nayo pia huomba mtumaji arudie.
4. Usitume jina la mgonjwa, wala habari itakayomtambulisha. Mtu yeyote mwenye redio anaweza kusikia, upande huu wa mpaka na ule. Umri, jinsia na ugonjwa vinatosha. Mgonjwa wa UKIMWI, mwanamke aliyebakwa na mtoto asiye na wazazi wanaweza kupata madhara makubwa kwa jina moja lililosikika.
5. Karatasi ya ujumbe iandikwe saa, jina la aliyepokea, na neno IMEHAKIKISHWA au HAIJAHAKIKISHWA.

Mhudumu wa afya, ukiletewa karatasi isiyo na neno hilo, irudishe chumba cha redio. Hujamdharau mtu. Umemlinda mgonjwa.

Wakati wa kuhakikisha ujumbe, matibabu yasisimame. Mtoto anayeharisha aanzishiwe ORS mara moja na apelekwe kituo cha afya. Soma maelezo ya pakiti: nyingi huchanganywa na lita 1 ya maji safi.

SHERIA NA USALAMA

Kurusha mawimbi bila kibali ni kosa. Nchini Rwanda kibali hutolewa na RURA. Vituo vya redio ya ridhaa vya Rwanda huanza na 9X, vya Congo 9Q, vya Burundi 9U, vya Uganda 5X, vya Kenya 5Z na vya Tanzania 5H. Kibali cha nchi moja si kibali cha nchi jirani.

Mwaka 2003 mkutano wa redio wa dunia uliofanyika Geneva uliacha kila nchi iamue kama mwombaji wa kibali ni lazima ajue Morse. Kwa hiyo ulizia sheria ya mahali ulipo. Kanuni za dunia pia zinaweka mpaka: kuvusha ujumbe wa watu wengine kutoka nchi hadi nchi kwa redio ya ridhaa ni kwa wakati wa dharura na maafa. Maagizo ya kawaida ya dawa yapitie simu au redio ya shirika. Pia ni marufuku kutumia maneno ya siri ili kuficha maana ya ujumbe kati ya nchi na nchi. Ndiyo maana tumesema jina la mgonjwa liachwe kabisa, lisifichwe kwa mafumbo.

Mwanafunzi asiye na kibali afanye somo hili kwa kusikiliza tu, katika chumba cha mafunzo, mbele ya msimamizi. Usiweke redio ya kurusha mawimbi nyumbani kwako kambini. Inaweza kukuletea matatizo makubwa wewe na jirani zako.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Unasikia kituo vizuri lakini taa ya modemu haiwaki. Utagusa skrubu ya modemu au kitufe cha redio?
2. Kwa nini tunatafuta kingo mbili badala ya kuacha skrubu taa inapowaka?
3. Karatasi inasema: ORS PAKITI 300. Hakuna maneno ya nambari wala neno IMEHAKIKISHWA. Utafanya nini?
4. Andika MAJI kwa Morse.

MAJIBU

1. Kitufe cha redio.
2. Ili skrubu iwe katikati, na mlio ukiyumba usipotee.
3. Irudishe chumba cha redio, waombe mtumaji arudie nambari kwa tarakimu na kwa maneno.
4. M ni - -   A ni . -   J ni . - - -   I ni . .

Mkumbuke: weka modemu sawa, kisha usiiache ikate shauri peke yake. Mashine inaandika ilichosikia. Ni mtu anayeuliza kama ndicho kilichosemwa.